Saa Moja Iwekwe Wapi? Kiswahili na Viwango vya Lugha vya Kompyuta



Mada niliyoichagua jioni ya leo huenda ikawashangaza wale wanaonifahamu kama mwalimu wa mofolojia. Sikusudii kuanza na viambishi, ingawa nitavirudia baadaye kwa sababu siwezi kujizuia. Nakusudia kulijadili swali moja ambalo kwa sura yake ni dogo na la kiufundi: lugha inapokuwa na jambo ambalo watungaji wa kiwango cha kimataifa cha kompyuta hawakulifikiria, jambo hilo liingizwe katika sehemu ipi ya kiwango hicho? Sisemi liingizwe au lisiingizwe, kwani hilo aghalabu hukubaliwa upesi. Ugumu uko katika kupata mahali pake.

Nianze na kisa. Shemeji yangu alipelekewa ujumbe wa simu na zahanati moja ukimtaka afike "saa 2:00 mchana". Alifika saa mbili asubuhi, kama mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili ambavyo angefanya, kwa kuwa kwake mchana ni kinyume cha usiku, na saa mbili ya mchana haiwezi kuwa nyingine. Daktari alikuwa akimsubiri saa nane. Aliketi kwenye benchi kwa muda wa saa sita, akarudi nyumbani akilaumu wauguzi. Wauguzi hawakuwa na kosa. Ujumbe ule uliandikwa na programu iliyochukua hesabu ya saa ya Kiingereza na kuibandika neno la Kiswahili mwishoni.

Kosa la namna hii lina sifa moja ya ajabu: daima ni la saa sita kamili, halipungui wala halizidi. Kosa lenye kanuni kama hiyo halitokani na uzembe wa mtu. Linatokana na jambo la lugha ambalo halijapewa mahali, na kwa hiyo likajiingiza nusu nusu.

Masanduku na yaliyomo

Wanafunzi waliozoea kusikia jina la Unicode hulihusisha na herufi, na hawajakosea. Toleo la kwanza la kiwango hicho lilichapishwa mwaka 1991, na msingi wake ni kwamba kila herufi ya kila mwandiko ipewe namba yake, katika nafasi ambazo leo ni 1,114,112. Lakini namba za herufi hazimwambii mtu tarehe inaandikwaje, wingi unaundwaje, wala siku za juma zinaitwaje. Kazi hiyo imewekwa katika ghala jingine linalosimamiwa na taasisi hiyohiyo ya Unicode tangu mwaka 2004, linalojulikana kwa kifupisho CLDR. Simu nyingi tulizo nazo mifukoni hulisoma ghala hilo kila zinapotuonyesha tarehe. Kiswahili kimo humo, pamoja na matawi yake ya Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ghala hilo lina sehemu mbili ambazo ni lazima tuzitenganishe. Kuna muundo, yaani masanduku yenyewe, unaoelezwa katika Kiwango cha Kiufundi Namba 35 cha Unicode. Kisha kuna yaliyomo, yaani maneno na ruwaza ambazo wachangiaji wa kila lugha huyajaza. Mchangiaji wa Kiswahili anaweza kuandika "Jumatatu" katika sanduku la siku ya kwanza ya kazi na kura zikapigwa. Hawezi kuongeza sanduku. Akitaka sanduku jipya, hana budi kuandika pendekezo, kulitetea mbele ya kamati, na kuonyesha kwamba jambo lake haliingii katika masanduku yaliyopo.

Kazi yetu ya kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya kompyuta imekuwa, kwa sehemu kubwa sana, kazi ya kujaza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, mafanikio makubwa yalikuwa katika istilahi: maelfu ya maneno yaliyotakiwa yapatikane na yakubaliane. Siibezi kazi hiyo. Niliwafundisha baadhi ya wanafunzi walioitamani. Lakini masanduku yalikuwa yamekwisha kuchongwa kwa vipimo vya lugha nyingine.

Kwa nini tusiweke jambo popote patakapopatikana, kisha tukahamisha baadaye? Kwa sababu katika viwango hivi kuhama ni kugumu, na mahali pengine kumepigwa marufuku. Mwaka 1996, katika toleo la pili la Unicode, silabi za mwandiko wa Kikorea zilihamishwa kutoka nafasi zao za awali na kupangwa upya, zikawa 11,172. Maandishi yaliyokuwa yameandikwa kwa namba za zamani yakawa hayasomeki. Baada ya hapo iliamuliwa kwamba herufi iliyokwisha kupewa nafasi haitahamishwa tena wala kuondolewa. Hata majina rasmi ya herufi hayarekebishwi. Iko alama moja ya mabano ambayo neno la Kiingereza la mabano katika jina lake liliandikwa kwa kupindua herufi mbili, BRAKCET. Kosa hilo linajulikana na kila mtu na litabaki hivyo siku zote. Panapowekwa jambo vibaya, wajukuu wetu watalikuta palepale.

Hesabu ya saa

Kwa hesabu ya Waswahili, saa ishirini na nne zimegawanywa nusu mbili, usiku na mchana, na kila nusu ina saa kumi na mbili. Saa ambayo Mwingereza anaiita saba, asubuhi au usiku, kwetu ni saa moja. Kanuni ni nyepesi: ondoa sita, na ukipata sifuri sema kumi na mbili. Sababu yake pia inafahamika. Karibu na Ikweta jua huchomoza na kuchwa takriban wakati uleule mwaka mzima. Hapa pwani tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja.

Hatuko peke yetu katika hesabu hii. Waganda huhesabu hivyo, Wanyarwanda huhesabu hivyo, na Waamhara wa Ethiopia vilevile. Jambo hili nawaomba mlikumbuke, kwa kuwa ni ushahidi nitakaoutumia baada ya muda mfupi. Hata hivyo, kiwango kinajua namna nne tu za kuhesabu saa, na zote nne huanzia usiku wa manane.

Basi saa moja yetu iwekwe wapi?

Pendekezo ambalo wahandisi hulitoa kwanza, kwa kuwa halihitaji sanduku jipya, ni ukanda wa saa. Kompyuta huhifadhi wakati kwa hesabu moja ya dunia nzima, kisha hujumlisha au hutoa kulingana na mahali ilipo. Afrika Mashariki hujumlisha tatu. Ukiondoa sita unapata tatu pungufu, ambao ni ukanda wa Buenos Aires. Nimewahi kuona jambo hili likifanywa kwa dhati katika ofisi moja ambayo sitaitaja: mtu alichagua Buenos Aires, na saa iliyokuwa pembeni mwa kioo ikaanza kusema Kiswahili. Watu walifurahi. Ilipofika tarehe mosi Julai, mlinzi aliandikisha gari lililoingia saa kumi na moja alfajiri, na kompyuta ikaandika saa kumi na moja ya tarehe 30 Juni. Huko Argentina usiku wa manane ulikuwa haujafika bado.

Tarehe ile ni ushahidi wa kiisimu, si kasoro ya mashine tu. Ukanda wa saa hujibu swali "uko wapi?" Hesabu ya Kiswahili hujibu swali "unahesabuje?" Mswahili aliyeko Muscat, ambako saa ni nne mbele ya ile ya dunia, huita saa moja wakati ambapo saa ya Muscat inasema saba, si wakati ule wa Mombasa. Na ndugu yetu aliyeko London mwezi Desemba, akizungumza na mamaye kwa simu, ataiita saa moja asubuhi hata kama nje bado ni giza totoro. Hesabu yake imekwisha kuachana na jua. Imeshikamana na saa ya ukutani ya mahali alipo. Kwa hiyo si suala la mahali hata kidogo.

Pendekezo la pili ni kalenda. Linavutia, kwa sababu kiwango tayari kina kalenda nyingi: ya Kiislamu, ya Kikopti, ya Kiethiopia. Lakini kalenda katika kiwango hupanga miaka, miezi na siku, na hata ile ya Kiethiopia haigusi hesabu ya saa. Tena Mswahili hutumia kalenda ya Miladi kazini na ya Hijria katika ibada, na saa zake hazibadiliki anapotoka katika moja na kuingia katika nyingine. Tukiifunga saa ndani ya kalenda tutalazimika kutunga Miladi ya Kiswahili na Hijria ya Kiswahili, na Waamhara watunge zao.

Wenzangu wa fonolojia watalitambua kosa hili. Zamani toni ilielezwa kama sifa ya irabu, iliyofungwa ndani yake pamoja na urefu na uduara. Tasnifu ya John Goldsmith ya mwaka 1976 ilionyesha kwamba toni hukaa katika ngazi yake yenyewe, kwa kuwa irabu inaweza kudondoka na toni ikabaki. Sifa mbili zinazobadilika kila moja kwa wakati wake hazipaswi kufungwa katika furushi moja. Kiswahili sanifu kilipoteza toni zake, lakini funzo hilo tunalihitaji.

Pendekezo la tatu nililiunga mkono mimi mwenyewe kwa muda, nami nalikiri. Katika ghala kuna jedwali linaloonyesha watu wa kila nchi hupendelea hesabu ya saa kumi na mbili au ishirini na nne. Nilidhani ingetosha kuiandikia Tanzania na Kenya hesabu yao humo. Kisha nikajisikiliza. Asubuhi moja nilimwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba mkutano ni saa tisa, nikageuka nikamwambia dereva kwa Kiswahili kwamba ni saa tatu. Nchi ni moja, kinywa ni kimoja, dakika ni ileile. Kilichobadilika ni lugha. Jedwali la nchi lingemwonyesha mgeni yule saa tatu kwa Kiingereza, na angekuja alasiri, mkutano umekwisha.

Linabaki sanduku la vipindi vya siku, na humo Kiswahili kimejaza vizuri: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Ni maneno sahihi. Lakini sanduku hilo hupokea maneno, halifanyi hesabu, na pale maneno hayo yanapotumika bila hesabu yake ndipo anapoketishwa shemeji yangu kwenye benchi. Hatari ya usiku ni kubwa zaidi. Programu inayoandika "8:00 usiku" kwa maana ya saa mbili usiku inamwambia msafiri afike kituoni saa nane usiku, wakati basi limekwisha kwenda zamani.

Kwa maoni yangu mahali panapostahili ni sanduku linaloitwa mzunguko wa saa. Lina thamani nne. Mbili zina saa kumi na mbili na mbili zina ishirini na nne. Katika kila jozi, moja huanza na sifuri na nyingine huanza na moja. Sanduku hilo tayari linauliza mzunguko una urefu gani na namba ya kwanza ni ipi. Halijauliza mzunguko unaanza lini, kwa kuwa waliolichonga walidhani hakuna shaka. Kiswahili hakihitaji sanduku jipya. Kinahitaji swali la tatu katika sanduku lililopo, na jibu lake ni thamani ya tano. Waganda, Wanyarwanda na Waamhara wataichagua thamani hiyohiyo. Hapa ndipo ushahidi wao unapofaa: jambo linaloshirikiwa na lugha zisizo na nasaba moja haliwezi kuwekwa ndani ya faili la Kiswahili kama tabia yetu ya pekee. Liwekwe katika muundo wa wote, kisha kila lugha iseme inalitumia au hailitumii.

Gharama ipo. Kila namna ya kuhesabu saa ina herufi yake katika ruwaza za kuandika wakati, na programu za zamani zikikutana na herufi ngeni hazitajua la kufanya. Kwa sababu hiyo sipendekezi thamani hii iwe chaguo la msingi kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Achaguliwe mtumiaji anayeitaka. Na pendekezo liwe na sharti moja lisilojadiliwa: saa ya Kiswahili isionyeshwe kamwe bila neno "saa" mbele yake na kipindi cha siku nyuma yake, kama magazeti yetu yanavyoandika "saa 2:00 usiku". Namba tupu haijulikani ni ya nani.

Ngeli

Sasa niruhusuni nirudi nyumbani, kwenye viambishi, ingawa kwa ufupi.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamekuwa wakiamua mambo mapya yawekwe wapi bila kamati yoyote. Neno la Kiarabu kitabu lilipoingia, sauti yake ya kwanza ilionekana kama kiambishi, likapata vitabu. Kipilefti cha barabarani kikapata vipilefti. Madigadi ya gari yalisikika kama wingi, tukajipatia digadi moja. Neno faili bado linavutwa huku na huku: kwa wengine limefutwa, kwa wengine imefutwa.

Programu huandika sentensi kama "imefutwa" na kuacha pengo la jina mbele yake. Tunapata "ujumbe imefutwa" na "kitabu imefutwa", na vijana wanaanza kuyazoea. Kiwango kina sanduku la idadi, lenye makundi sita, ambayo Kiarabu huyatumia yote. Kiswahili hutumia mawili, moja na zaidi ya moja, na hilo ni sahihi. Pia kuna sanduku la jinsia ya kisarufi, ambalo tangu mwaka 2020 limeanza kujazwa kwa majina ya vipimo katika baadhi ya lugha. Ngeli ziingie wapi?

Sisi tuliosoma isimu ya Kibantu tulifundishwa namba za Bleek, ambazo humpa umoja namba moja na wingi namba nyingine: kitabu ngeli ya 7, vitabu ngeli ya 8. Ukiuleta mpangilio huo katika kompyuta unagongana na sanduku la idadi, kwa kuwa idadi imo tayari ndani ya namba. Lakini mpangilio wa kisintaksia wanaoufundisha walimu wa sekondari, A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, huziweka ngeli kwa jozi na kuiacha idadi ifanye kazi yake kando. Jozi hizo zinaingia katika sanduku la jinsia bila kulivunja. Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliwacheka wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuja na "ngeli ya KI-VI". Katika suala hili walimu wao walikuwa na chombo bora kuliko changu. Mpangilio huo hutatua hata tatizo la kiboko, ambaye umbo lake ni la KI-VI lakini akifa tunasema amekufa. Upatanisho ndio unaohesabiwa, naye anakwenda A-WA.

Mwaka 2025 ghala hilo lilipitisha rasmi muundo mpya wa kuandika jumbe za programu, ambao humwezesha mfasiri kuchagua sentensi kwa vigezo zaidi ya kimoja kwa pamoja. Njia sasa ipo. Kinachokosekana ni orodha ya majina pamoja na jozi zake, nayo ni kazi ya wanaleksikografia.

Yaliyobaki kwa wanafunzi

Wanafunzi wa uzamili huniuliza mara kwa mara mada zimekwisha wapi. Pendekezo lolote mbele ya kamati litaulizwa mambo ambayo hatujayafanyia utafiti wa kutosha. Asubuhi inakwisha saa ngapi? Je, saa kumi jioni ya Unguja ni saa kumi alasiri mahali pengine? Saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshachomoza, ni alfajiri au asubuhi, na kwa wazungumzaji wa rika gani? Maswali haya yanahitaji hojaji, kinasa sauti na miguu.

Swali moja, hata hivyo, nisingependa lipelekwe kwenye kamati yoyote. Kwa mapokeo ya pwani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Shuleni na ofisini siku huanza usiku wa manane. Mtu akisema "usiku wa Ijumaa" yaweza kuwa usiku huu au ule. Waandishi wa magazeti walikwisha kulitafutia dawa, nao huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hakuna msomaji anayepotea. Nimewahi kuulizwa na mhandisi mmoja kama sanduku linahitajika kwa ajili ya kuamkia. Nilimjibu kwamba hapana, hilo ni la sentensi, na msemaji ataliweka mwenyewe atakapolihitaji.